Kabla Theluji Haijafika: Mwongozo wa Majira ya Baridi kwa Wafanyakazi Wanaozungumza Kiswahili Kaskazini mwa Marekani

Ijumaa ya tarehe 23 Desemba 2022, mjini Buffalo katika jimbo la New York, amri ya kuzuia magari barabarani ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi. Mfanyakazi wa zamu ya asubuhi ilimkuta yuko kazini tayari. Kwake lilibaki swali moja: atarudije nyumbani?

Dhoruba ile ilivuma kwa saa 37 bila kukatika. Theluji iliyopimwa katika uwanja wa ndege ilizidi sentimita 130. Katika kaunti ya Erie uliko mji huo peke yake walifariki zaidi ya watu 40, na wengi wa waliofia ndani ya mji wa Buffalo walikuwa watu Weusi. Wako waliokutwa ndani ya magari yao, wako waliokutwa njiani wakijaribu kutembea kwa miguu, na wako waliofia ndani ya nyumba zilizokosa joto. Wengine walianguka na koleo mkononi. Wengine waliugua na gari la wagonjwa likashindwa kuwafikia.

Utabiri haukukosekana. Siku kadhaa kabla, ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya pale Buffalo ilikuwa imetangaza kwamba inakuja dhoruba ambayo kizazi huiona mara moja. Kwa hiyo kabla ya habari za koti na buti, mwongozo huu una neno moja la kusisitiza: baridi ya namna hii hutoa taarifa mapema, na kinachoponza watu ni kungoja siku yenyewe ifike ndipo waamue. Saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umeshika ufunguo wa gari na meneja anapiga simu, huna nafasi ya kupima jambo. Uamuzi uwe umeshafanywa mezani, nyumbani, wiki kadhaa nyuma.

Tunawaandikia ndugu zetu wanaohudumia wazee katika makao ya Minneapolis na vitongoji vyake, wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama na maghala ya Iowa na Dakota, madereva wa malori, na wanaosafisha ofisi usiku. Mifano ya sheria iliyomo humu ni ya Minnesota zaidi. Aliye Maine, Ohio au New York aulize ya kwao, lakini mambo ya mwili, gari na nyumba ni yale yale.

Maneno yanayoonekana kwenye simu

Tahadhari za serikali zinazolia zenyewe kwenye simu huja kwa Kiingereza, na wakati mwingine Kihispania. Kiswahili hakimo. Kwa sababu hiyo yako maneno matatu ya Kiingereza ambayo kila mtu wa nyumba, pamoja na bibi aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi, anapaswa kuyajua kama anavyojua jina la mtaa wake.

Neno "Watch" lina maana kwamba hali mbaya inaweza kutokea, mara nyingi siku moja au mbili zijazo. Hiyo ndiyo siku ya kwenda dukani, kujaza mafuta na kuzungumza na msimamizi wako. Neno "Advisory" lina maana kwamba kuna usumbufu unaoweza kugeuka hatari kwa asiyejihadhari: barabara zinateleza, mwendo upunguzwe. Neno "Warning" ndilo zito. Hatari imefika au inafika kwa hakika. Likitanguliwa na "Blizzard", maana yake ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi pamoja na theluji inayofumba macho, huoni hata mita 400 mbele yako, na hali hiyo inaendelea kwa saa 3 au zaidi. Likiwa "Extreme Cold Warning", ni baridi yenyewe inayoua, hata kama jua linawaka na mbingu ni nyeupe. Jina hilo lilianza kutumika Oktoba 2024. Kabla ya hapo tahadhari hiyo ilitajwa kwa jina la ubaridi wa upepo.

Ubaridi wa upepo unahitaji maelezo, maana hapa wengi wetu hukosea. Simu yako inaonyesha nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani hasi 18 za Selsiasi. Unajiambia jana ilikuwa hivyo hivyo na ulivumilia. Lakini leo kuna upepo wa kilomita 24 kwa saa. Upepo huo unapeperusha ule ukanda mwembamba wa joto unaouzunguka mwili, na ngozi inapoa kana kwamba hewa ina hasi 28 za Selsiasi. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Nusu saa ndiyo muda wa kulisubiri basi lililochelewa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika hasi 33 za Selsiasi kabla hata ya kuhesabu upepo, na siku hiyo shirika la posta lilisimamisha usambazaji wa barua katika Minnesota na majimbo mengine kadhaa. Basi kila asubuhi soma namba mbili, ile ya joto na ile ya "hisia" iliyo chini yake, na uvae kwa kufuata ya pili.

Asubuhi ya joto nayo isikudanganye. Tarehe 11 Novemba 1940 Minnesota iliamka na hewa tulivu kuliko kawaida ya mwezi huo, wawindaji wa bata wakatoka na nguo nyepesi. Kufikia jioni joto lilikuwa limeporomoka na upepo wa theluji umeziba mito na barabara. Walikufa watu 49 katika jimbo hilo, karibu nusu yao wakiwa wawindaji wale. Katika nchi hizi koti hufuata utabiri wa jioni, si hewa ya mlangoni asubuhi.

Kazini, na njia ya kwenda kazini

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo miongozo mingi hupita haraka. Humwambia mtu "usitoke nyumbani" kana kwamba kila mtu ana mshahara unaoingia akiwa amekaa. Sisi tunajua hali ilivyo. Kuna kodi ya nyumba, kuna karo ya mdogo wako Kisii, kuna dawa za mama Uvira. Mtu anafanya zamu mbili na anaogopa kupoteza hata moja. Hofu hiyo ni ya kweli na haina aibu. Dawa yake ni kuzijua haki zako na kupanga mapema.

Kaa na msimamizi wako mwezi wa Oktoba au Novemba, theluji haijaanza, umuulize kwa utulivu: siku ikitangazwa amri ya kuzuia magari, utaratibu wa hapa ni upi? Nani anapigiwa simu, saa ngapi kabla ya zamu? Kutofika siku hiyo kunahesabiwaje? Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mtu aliyeuliza Oktoba hasikilizwi sawa na mtu anayeuliza alfajiri ya dhoruba akiwa amechelewa.

Kwa walio Minnesota, tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria ya jimbo inampa mfanyakazi saa 1 ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Wengi wanaiita likizo ya ugonjwa na wanadhani ni ya ugonjwa tu. Sivyo. Inaweza kutumika pia kazi inapofungwa kwa sababu ya hali ya hewa, au shule ya mtoto wako inapofungwa kwa sababu hiyo na mtoto hana wa kukaa naye. Angalia karatasi yako ya mshahara uone saa ulizojiwekea, na usizimalize zote kabla ya Desemba.

Kuhusu usalama penye kazi yenyewe, serikali kuu haina kanuni maalumu ya baridi, lakini sheria ya mwaka 1970 ya usalama kazini inamtaka kila mwajiri aondoe hatari inayojulikana kuwa inaweza kuua au kujeruhi, na baridi kali ni mojawapo. Anayefanya kazi nje, akipakua mizigo au akisukuma mikokoteni ya duka, ana haki ya kuomba muda wa kuingia ndani kupata joto. Ukiadhibiwa kwa sababu ya kulalamikia hatari, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya usalama kazini, kwa simu 1-800-321-6742. Haki hiyo ni ya kila mfanyakazi bila kujali hati zake za uhamiaji.

Wahudumu wa wazee wana shida ya peke yao. Dhoruba ikianza ukiwa kazini, anayekupokea hafiki, na wagonjwa hawaachwi. Kwa muuguzi mwenye leseni, kuondoka kabla ya kukabidhi wagonjwa kunaweza kumletea mashtaka ya kitaaluma. Kwa hiyo zamu ya siku yenye "Watch" iendee na mfuko wa mahitaji ya kulala huko: nguo za kubadilisha, dawa zako za siku 3, chaja, chakula, kanga au shuka. Na kabla ya kutoka, uwe umeshapanga na jirani au ndugu nani atakaa na watoto hadi kesho yake, si hadi jioni tu.

Walio viwandani mara nyingi husafiri kwa gari moja la watu 6 au 7 wakichangia mafuta. Utaratibu huo ni mzuri, lakini maana yake ni kwamba uamuzi wa dereva mmoja ni uamuzi wa familia saba. Kubalianeni kabla ya msimu kwamba mtu yeyote ndani ya gari, hata kijana mdogo kuliko wote, akisema barabara haifai, safari inaahirishwa bila kumwekea mtu kinyongo. Anayetoka kiwandani pia ana hatari asiyoiona: amefanya kazi hadi nguo ya ndani imelowa jasho, kisha anatoka kwenye baridi ya usiku. Nguo yenye unyevu huvuta joto la mwili haraka sana. Weka fulana kavu na soksi kavu kwenye kabati lako, na ubadilishe kabla ya kutoka, hata kama wenzako wanapiga honi.

Kuhusu mavazi, kanuni ni tabaka tatu. Ya ndani kabisa isiwe pamba, kwa sababu pamba hushika jasho. Iwe sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka upesi. Ya kati iwe nzito ya kutunza joto. Ya nje izuie upepo. Glavu zinazoacha vidole vyote pamoja hutunza joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Buti lisikubane, mguu uliobanwa hauna damu ya kutosha, na mguu usio na damu ndio unaoganda kwanza. Vitu hivi vina bei, lakini maduka ya mitumba ya miji hii huwa na makoti mazuri mwezi wa Agosti na Septemba, wakati wenyeji hawayafikirii.

Gari likikwama

Kuanzia Novemba tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari weka blanketi moja au mbili, koleo dogo, kifaa cha kukwangua barafu kwenye vioo, tochi, chaja, nyaya za kuamshia betri, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya matairi, kitambaa chekundu, njugu, biskuti na maji. Weka vitu hivyo kwenye viti vya nyuma. Buti la gari linaweza kuganda lisifunguke. Kabla ya safari ndefu piga 511 usikie hali ya barabara, na mwambie mtu mmoja njia utakayopita na saa unayotarajia kufika.

Ukikwama, kaa ndani ya gari. Maneno haya ni mafupi lakini ndiyo yanayookoa watu. Katika theluji inayofumba macho, mtu anaona taa ya nyumba iliyo mita 200 mbele, anatoka, na baada ya hatua 30 haoni taa wala gari. Piga 911, kisha funga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni. Washa injini dakika 10 hivi katika kila saa, isizidi. Kila mara kabla ya kuiwasha, shuka kwanza uondoe theluji iliyoziba bomba la eksozi, maana moshi usiopata njia hurudi ndani ya gari, na sumu iliyomo katika moshi huo haina harufu ya kukuamsha. Fungua kidogo dirisha la upande usio na upepo. Jisogezesogeze, piga makofi, sugua mabega. Mkiwa wengi, mmoja awe macho wakati wengine wamelala.

Wazazi, jambo la kiti cha mtoto: mtoto asifungwe mkanda akiwa amevaa koti nene. Gari likigonga, koti hilo hunywea na mkanda unabaki umelegea. Mfunge akiwa na sweta, mkanda ukamate mwili, kisha mfunike koti au blanketi juu ya mkanda.

Ndani ya nyumba: mkaa, hita na bomba

Desemba 2006 upepo mkali ulikata umeme kwa siku kadhaa katika kaunti ya King, jimbo la Washington, ambako kuna mji wa Seattle. Nyumba zilipopoa, familia nyingi za wahamiaji, wakiwemo jirani zetu wa Pembe ya Afrika, zilifanya kile ambacho mzazi yeyote wa kwetu angekifanya: ziliingiza jiko la mkaa ndani zipate joto na kupika. Zaidi ya watu 250 walidhurika na hewa ya kaboni monoksidi, na 8 wakafa. Maonyo yalikuwa yametolewa, lakini hayakuwafikia kwa lugha zao. Baadaye gazeti la The Seattle Times lilichapisha onyo hilo kwa lugha kadhaa katika ukurasa wake wa kwanza.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili linatuhusu kuliko wengine. Sisi tumekulia na jiko. Tumelala chumba kimoja na makaa yanayozimika, na tuliamka. Nyumba ile ilikuwa na upenyo chini ya paa, mlango usiofika chini, dirisha la mbao, kwa hiyo hewa ilipita. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na kisichotoka ni pamoja na sumu. Kujua kutumia jiko kulikotusaidia nyumbani, huku hakutoshi. Mfuko wa mkaa unaouzwa Marekani una picha ya jiko ndani ya nyumba iliyopigwa alama ya kukataza. Mwonyeshe picha hiyo mama mkwe na mjomba waliokuja karibuni. Wala usiseme utafungua dirisha. Mkaa usiwashwe ndani ya nyumba, wala gereji, wala kwenye veranda iliyozibwa, hata kidogo.

Hivyo hivyo kwa jenereta: liwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Hivyo hivyo kwa gari lililowashwa ndani ya gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Jiko la gesi ni la kupikia. Lisitumike kupasha nyumba joto. Februari 2021, Texas, ambako watu hawakuzoea baridi, umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Takriban theluthi mbili ya watu hao waliuawa na baridi yenyewe, na 19 waliuawa na kaboni monoksidi wakitafuta joto.

Hewa hii haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi mzito. Mtu wa kwetu ataisema ni homa, ataisema ni malaria imerudi. Kinachoitofautisha ni kwamba inawashika watu wengi wa nyumba kwa wakati mmoja, na nafuu hupatikana mkitoka nje. Mkiona hivyo msikae kujadili: tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje. Minnesota sheria inataka kengele ya kaboni monoksidi iwe ndani ya mita 3 za kila chumba cha kulala. Bonyeza kitufe chake usikie kama inalia, na ikilia usiku usiitoe betri ili ulale.

Hita ndogo ya umeme nayo ina masharti. Iwe mita 1 kutoka kwenye godoro, pazia na nguo. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, siyo kwenye waya wa kurefushia umeme. Izimwe mnapolala. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la ghorofa la Bronx, New York, lenye familia nyingi zenye asili ya Gambia, hita iliyoharibika iliwasha moto chumbani. Mlango wa nyumba ile haukujifunga watu walipokimbia, moshi ukapanda ngazi, na watu 17 wakafa, 8 kati yao watoto. Jifunze mambo mawili hapo: ukikimbia moto, funga mlango nyuma yako, na mlango wa nyumba ya kupanga usiojifunga wenyewe ni jambo la kumripotia mwenye nyumba leo.

Familia hutumia hita nyingi pale ambapo joto la jengo halitoshi. Katika Minnesota, tangu 2024, mwenye nyumba anatakiwa na sheria kutoa joto la angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, piga picha namba yake kila siku, na uandike barua. Kama tatizo ni bili, kampuni ya gesi au umeme hairuhusiwi kukukatia joto kati ya tarehe hizo hizo ikiwa umeipigia na kukubaliana mpango wa kulipa, na ukautimiza. Neno la kushika ni "umeipigia". Kinga hiyo haiji yenyewe, na haihusu gesi ya mtungi inayoletwa kwa lori. Piga 211 uulizie pia msaada wa serikali wa kulipia joto kwa wenye kipato kidogo. Mpango huo umekuwepo tangu 1981.

Bomba za maji huganda na kupasuka. Usiku wa baridi kali acha mfereji udondoke polepole, fungua milango ya kabati zilizo chini ya sinki joto liingie, na hata mkisafiri msishushe joto la nyumba chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit. Kila mtu mzima nyumbani ajue koki kuu ya kufungia maji iko wapi.

Weka chakula na maji ya siku 3, maji lita 4 kwa mtu kwa siku. Unga peke yake hautoshi, kwani ugali unataka moto, na jiko la umeme likizima unga unabaki unga. Weka mkate, njugu, samaki wa kopo, matunda, maziwa ya mtoto. Dawa za kisukari na shinikizo la damu ziwe za wiki nzima.

Dalili mwilini

Vitabu vingi husema ngozi inayoganda huanza kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Tazama kwenye mwanga: sehemu inapauka, inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, inang'aa kama nta, inakuwa ngumu. Linganisha sikio na sikio, kidole na kidole. Kilicho muhimu zaidi ni ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla kabla hujapata joto, hali imezidi kuwa mbaya. Uchunguzi uliofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hudhurika na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo usijipime kwa mwenyeji anayetembea bila kofia.

Usisugue sehemu iliyoganda, wala kuipaka theluji, wala kuiweka karibu na moto. Iingize kwenye maji ya uvuguvugu, na mtu mwingine ayapime kwa kiwiko kama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto, maana mkono wenye ganzi hautambui maji yanayounguza. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, iache hadi ufike hospitali.

Mwili mzima ukishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mtu hutetemeka, anadondosha vitu, ulimi unakuwa mzito, anajibu mambo yasiyoeleweka. Wasiojua hudhani amelewa. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hiyo ni dharura. Piga 911, mvue nguo zenye unyevu, mfunike, anza na kifua na shingo. Akiwa na fahamu zake mpe chai ya moto yenye sukari. Pombe usimpe kabisa. Humfanya ahisi joto wakati mwili wake unalipoteza.

Anayeondoa theluji kwa koleo, hasa mwenye shinikizo la damu au aliyepita miaka 45, asukume badala ya kuinua, achukue kidogo kidogo, apumzike. Kifua kikibana, pumzi ikikata au mkono wa kushoto ukiuma, aache hapo hapo na kupiga 911.

Ukipiga 911 taja kwanza anwani kwa Kiingereza, kisha sema "Swahili" na usikate simu. Wanaweza kumleta mkalimani kwenye laini. Watoto wote wanaoweza kusema wafundishwe anwani ya nyumba kwa Kiingereza. Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, Minnesota huwa na wiki ya kuelimisha watu kuhusu hatari za majira ya baridi. Wiki hiyo, baada ya ibada ya Jumapili au sala ya Ijumaa, kaeni nusu saa mwandike orodha ya simu: nani atampigia mzee anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, nani atampigia mama aliyejifungua, nani ana gari lenye matairi ya theluji, nani anazungumza Kiingereza cha kutosha kupiga 911 kwa niaba ya wengine. Orodha ibandikwe kwenye jokofu la kila nyumba, kwa maandishi makubwa ambayo bibi anaweza kuyasoma.